Kwa nini walicheka mama alipolia?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni muuguzi, naishi Morogoro, nina miaka 31. Mwaka jana mimi na wenzangu tulianzisha kikundi cha maigizo, tunafanya mazoezi jioni katika darasa la shule ya msingi. Tarehe 12 Mei, Siku ya Wauguzi Duniani, tulipewa nafasi ya kuonyesha mchezo wetu kwenye sherehe. Mimi nilikuwa mama anayeletewa habari kwamba mwanawe amefariki. Nilipoanza kulia, watu wakaangua kicheko. Tangu siku hiyo wenzangu wanasema tuachane na jukwaa, tutengeneze video za vichekesho tuweke mtandaoni, huko ndiko kwenye hela. Mume wangu naye ananiuliza napata nini huko, nakosa la kumjibu. Sitafuti umaarufu, ila nikikosa mazoezi wiki moja nakosa raha. Je, jukwaa lina faida gani kwa mtu kama mimi? Na nifanyeje ili watu wasicheke mahali pa kulia?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nitaanza na swali lako la mwisho, la kicheko, kwa sababu jibu la yale mengine limo humo humo.

Kwanza uondoe moyoni wazo kwamba walikudharau. Katika barua yako ndefu, ambayo hapo juu imefupishwa, umetaja mambo mawili kwa kupita tu, na kwangu hayo ndiyo yaliyobeba kisa chote. La kwanza: mlipanda baada ya chakula cha mchana, na mshereheshaji akawatambulisha kwa kusema, "Sasa wanakuja wasanii wetu, shikeni mbavu!" La pili: ulipoanza kulia, DJ aliona akusaidie, akafungulia wimbo wa maombolezo kwa sauti ya juu. Watu walishaambiwa washike mbavu, wakazishika. Kisha kwaya ya msiba inatokea kwenye spika ile ile iliyotoka kupiga singeli. Hata mimi ningecheka.

Lakini tusiwatwike mzigo wote mshereheshaji na DJ. Hadhira yetu haikuzoea kukaa kimya, na sioni kwa nini tuilazimishe. Aliyekulia Dar es Salaam miaka ya 1980 na 1990 anayakumbuka maonyesho ya kwenye kumbi na nyua za baa. Unalipa kiingilio, unatafuta kiti, na usiku mmoja unapata ngoma, sarakasi, kichekesho, taarab na mchezo wa kuigiza. Muungano Cultural Troupe walikuwa na watu wao, na TOT, yaani Tanzania One Theatre, walipoanza mwaka 1992 nao wakawa na wao, na mashabiki wa pande hizo mbili walitambiana kama watu wa Simba na Yanga. Mtazamaji wa pale alikuwa na haki zake. Mume mlaghai akiingia jukwaani anazomewa. Mke akikaribia kudanganywa anapigiwa kelele kwamba usikubali. Mwimbaji akigusa jeraha la mtu, mtu huyo anainuka na noti mkononi kwenda kumtuza, na wote wanaelewa ujumbe umemlenga nani. Na zamani zaidi ya hapo, bibi akisema "Paukwa!" nawe usijibu "Pakawa!", hadithi haianzi.

Kwa hiyo unapopanda mbele ya watu wa namna hii na kulia kwa nguvu, unawaomba wajibu. Kilio chenye jambo ndani yake kitajibiwa kwa kimya au kwa kilio. Kilio kitupu kitajibiwa kwa kicheko, na hapo hadhira haijakosea hata kidogo.

Mwigizaji mchanga akiambiwa mhusika wake ana huzuni, anaigiza huzuni: anakunja uso, anashika kichwa, anatoa sauti. Huzuni haiigiziki namna hiyo. Kinachoigizika ni kitendo: kuficha, kukataa, kuchelewesha, kubembeleza, kutafuta. Konstantin Stanislavski, Mrusi aliyeshiriki kuanzisha Ukumbi wa Sanaa wa Moscow mwaka 1898, aliwafundisha waigizaji wake wajiulize: ningekuwa mimi katika hali hii, ningefanya nini? Sikiliza swali lenyewe. Ningefanya nini. Hakusema ningejisikiaje.

Na hapa wewe una utajiri ambao waongozaji wengi hatuna. Umeona wodini jinsi watu wanavyopokea habari hizo. Wapo wanaopiga yowe papo hapo, ndiyo. Lakini yupo pia anayekwambia, kwa upole kabisa, kwamba umekosea jina. Yupo anayeuliza, "Alikuwa amekula?" Yupo anayeanza kutafuta kandambili zake chini ya benchi, nazo amezivaa. Hayo uliyaona kwa macho yako, halafu ulipopanda jukwaani ukayaacha yote nyuma ukachukua kilio cha kwenye filamu.

Hebu jaribuni tukio lenu upya hivi. Mama ameketi kwenye kigoda, anachambua mchele kwenye ungo. Jirani anabisha hodi. Mama anamkaribisha bila kuinua macho, maana mchele haumngoji mtu. Jirani anaketi. Mama anamsalimia:

"Umeshindaje?"

"Salama."

"Watoto hawajambo?"

"Hawajambo."

Simameni hapo. Kila aliyemo ukumbini anajua zamu imefika kwa nani. Jirani anapaswa kurudisha: na wako je? Mtoto mdogo wa darasa la pili anajua. Jirani harudishi. Anatazama sakafu. Mama anaendelea na kazi yake: anaokota chuya, anatupa, anaokota kijiwe, anatupa. Kisha, polepole, anaanza kuokota mchele mzuri na kuutupa. Hajaambiwa kitu bado. Na usilie, mwanangu. Jirani akishasema alichokuja kusema, wewe muulize kama ameshakunywa chai.

Fanyeni hivyo mbele ya watu arobaini waliokaa karibu, bila DJ, kisha uniandikie kama kuna aliyecheka. Huenda yupo. Wapo wanaocheka kwa sababu hawana njia nyingine ya kutoa pumzi, na aliyekaa karibu naye atamkanya. Kicheko cha aina hiyo usikiogope. Subiri kiishe, uendelee. Kibaya zaidi ni kuona haya ukakimbiza maneno ili umalize ushuke.

Kabla hamjalirudia tukio hilo, mfanye zoezi moja dogo kwa wiki mbili tatu. Watu wawili, maneno mawili. Mmoja anasema "Umekula?" Mwingine anajibu "Nimeshiba." Basi, hakuna zaidi. Anayeuliza apange moyoni anataka nini kwa mwenzake: anataka ajue mwenzake alikuwa wapi hadi saa hizi, au anataka kumwomba radhi kwa ugomvi wa asubuhi, au anataka mgeni aelewe kwamba chakula hakipo. Asimwambie mtu. Anayejibu asiwe amepanga lolote, asikilize tu alivyoulizwa, ajibu kutokana na alichosikia. Mtashangaa jinsi maneno hayo mawili yanavyoweza kuwa ndoa inayovunjika, au bibi na mjukuu, au mdeni na anayemdai. Mtagundua pia nani katika kikundi chenu hasikilizi. Huyo mtamtambua upesi: anajibu vile vile kila mara, hata umuulize kwa kunong'ona au kwa kufoka.

Hapo ndipo lilipo jambo ninalotaka kukwambia, na ndilo pekee ambalo ningeligombania. Watu hudhani mwigizaji wa jukwaani ni mtu anayejua kusema. Kazi yake ni kusikiliza. Anamsikiliza mwenzake kana kwamba maneno yale hajawahi kuyasikia, ilhali ameyasikia tangu mwezi wa tatu. Anaisikiliza hadhira: imechoka, imeelewa, imetangulia mbele yake, imebaki nyuma. Anasikiliza mvua kwenye bati akajua anyamaze kwanza. Kila nilipoona mchezo ukioza mbele ya watu, chanzo kilikuwa mtu mmoja aliyekuwa akingoja zamu yake badala ya kusikiliza.

Nikupe mfano. Katika kikundi nilichokiongoza kulikuwa na mchezo ambamo kijana anamletea mjomba wake barua ya kuachishwa kazi kiwandani. Siku ya onyesho kijana akaingia mikono mitupu. Barua aliisahau nyuma ya jukwaa. Aliganda pale katikati, uso umemtoka jasho, nami kwenye kiti changu nilikuwa nimeshafumba macho. Mzee aliyecheza mjomba aliitazama mikono ile mitupu, kwa muda mrefu kuliko ulivyofaa, akasema taratibu, "Hata barua hawakuniandikia?" Mswada mzima haukuwa na neno zito kama hilo. Tukalibakiza. Tangu siku hiyo barua ikaondolewa kwenye orodha ya vifaa.

Hiyo ndiyo tofauti ya jukwaa na video, na hapa nawajibu wenzako bila kuwadharau. Video ni kazi, na vichekesho vizuri vya video vinahitaji akili. Lakini kijana angesahau barua mbele ya kamera, mngekata, angekwenda kuichukua, mngerudia. Neno lile la mzee lisingezaliwa. Katika video kosa linafutwa, na mtazamaji hana uwezo wa kukufanya lolote zaidi ya kukupita kwa kidole. Ukumbini yupo, anapumua, na anachokifanya kinabadilisha unachokifanya. Ndiyo maana mchezo ule ule unaochezwa Ijumaa hauwi ule wa Jumamosi.

Hata habari ambayo watu wanaijua hadi mwisho inaweza kuwabana. Chukua mchezo wa Ebrahim Hussein, uliochapwa mwaka 1969, kuhusu Kinjeketile, yule aliyewaaminisha watu kwamba maji yake yatawakinga na risasi. Hakuna Mtanzania aliyepita shule asiyejua kilichotokea katika vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Tunajua kwamba maji hayakuzuia risasi za Wajerumani. Mwandishi anajua kuwa tunajua, na anakufanya ukae pale umtazame mtu ambaye ameliachia neno likawa kubwa kumzidi, watu wameliamini, na yeye mwenyewe ameanza kulitilia shaka. Ukiusoma kitandani unasikitika. Ukiutazama pamoja na watu mia, wote mnajua, wote mmenyamaza, na hakuna anayeweza kupanda kumzuia mpiganaji asiende vitani. Huo ni uchungu wa namna nyingine.

Sasa nije kwenye faida, swali la mume wako.

Hela nizimalize upesi: hazipo, au ni kidogo, na atakayekuambia vinginevyo anakuuzia mafunzo. Nairobi wana afadhali kidogo. Kenya National Theatre ipo tangu 1952, na tamasha la maigizo la shule na vyuo, linalohesabiwa tangu 1959, limewalea wazazi na watoto wao katika tabia ya kwenda kutazama mchezo. Kwetu kuna TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni pale Bagamoyo, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, kuna tamasha lao la kila mwaka, kuna Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Lakini mtu wa Morogoro anayelipa kiingilio Jumamosi jioni kutazama mchezo wa jukwaani ni adimu. Kwa muda mrefu sasa anayelipia michezo mingi ni mradi: wa malaria, wa UKIMWI, wa choo bora. Mimi mwenyewe nimekula hela za miradi hiyo na siitukani. Ila imetuachia ugonjwa mmoja. Imewafundisha watazamaji kwamba mwishoni mtu mzuri atageuka na kuwaambia walale kwenye chandarua. Mtu akishajua hivyo, anaacha kutazama dakika ya tano, anangoja soda.

Na haikuwa lazima iwe hivyo. Mwaka 1982 na 1983 walimu wa sanaa za maonyesho kutoka Chuo Kikuu, akina Penina Mlama na Amandina Lihamba, walikwenda Malya, wilaya ya Kwimba, wakafanya kazi na wanakijiji. Hawakuwapelekea mchezo uliokwisha. Wanakijiji wenyewe ndio waliolitaja tatizo lililowauma, la mimba za wasichana, wakalichezea na kulijadili kwa ngoma na maigizo yao. Anayetazama mchezo wa aina hiyo hawezi kungoja soda, maana anayesemwa ni yeye, na mwigizaji ni binti wa jirani yake.

Jambo kama hilo, kwa ukubwa zaidi, lilitokea Kamĩrĩĩthũ, karibu na Limuru, Kenya, mwaka 1977. Waandishi Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika mchezo kwa Kikuyu, na walioucheza walikuwa wakulima, vibarua na wafanyakazi wa viwanda. Uwanja wa maonyesho waliujenga wenyewe kwa mikono yao. Mazoezi yalifanywa hadharani, kila mtu akiona. Mzee akipita na kuona kijana anamwigiza mzee vibaya, alimkatiza: hapana, mzee wa umri huo haongei hivyo, hakai hivyo. Maneno ya mchezo yakabadilika kwa kusahihishwa na waliolengwa nayo. Ulifunguliwa mwanzoni mwa Oktoba, na katikati ya Novemba serikali ikaupiga marufuku. Mwisho wa mwaka Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini, na mwaka 1982 jengo likabomolewa. Huwa nawaambia wanafunzi: serikali ile haikuogopa kitabu kile kabatini. Iliogopa watu wazima waliokuwa wakikutana kila wiki, wakisikilizana na kusahihishana, bila mtu wa kuwasimamia.

Nimekupeleka Limuru si kwa ajili ya siasa. Angalia mji unaoishi. Ukiondoa kanisani au msikitini, kikoba na kamati ya msiba au harusi, ni wapi mtu mzima wa miaka 31 anakutana kila wiki na fundi magari, mwalimu mstaafu na binti wa chuo, kwa shughuli isiyohusu mchango? Na ni wapi anaruhusiwa kuwa mtu asiyemjua? Wewe muuguzi siku moja utacheza ndugu wa mgonjwa anayemfokea muuguzi. Ukimcheza kwa haki, yaani ukatafuta anataka nini badala ya kumfanya mjinga, Jumatatu utarudi wodini na utamsikia mtu yule kwa sikio jingine. Sisemi utakuwa mpole. Utamsikia tu.

Wengi hutaja kujiamini kama faida ya kwanza. Mimi siipi nafasi kubwa. Nimewaona waigizaji wanaojiamini mno, hawachezeki nao. Ninachokithamini ni kinyume chake kidogo: kujua kwamba dakika mbili zijazo ziko mikononi mwa mwenzako, na zake ziko mikononi mwako, mbele ya watu, na hakuna kukata. Ukizoea hivyo, mwili wako unadai. Ndiyo maana ukikosa mazoezi wiki moja unakosa raha. Hukuwa na jibu la kumpa mumeo, lakini mwili ulishalijua.

Na kuhusu mumeo, usimwalike kwenye onyesho. Onyesho atakuja amevaa vizuri, atatazama kama mgeni, atapiga makofi. Mwite kwenye mazoezi, tena mabovu, siku ambayo wawili wamechelewa na mmoja hajui maneno yake. Mpe mswada ashike, awakumbushe waliosahau. Mtu akishakuwa na kazi haulizi tena mnafanya nini humo.

Sauti. Umeniambia sauti yako ndogo na mnatamani kununua kipaza sauti. Msinunue. Darasa la watu hamsini halihitaji mashine. Tatizo la wengi wetu liko mwishoni mwa sentensi: tunaanza na pumzi nyingi, tunamalizia kwa mnong'ono, na kwa Kiswahili mara nyingi habari yenyewe iko huko mwisho. "Aliyemchukua mtoto ni kaka yako": ukimeza neno la mwisho, mchezo umekufa. Tatizo la pili liko mwanzoni mwa vitenzi. "Hukunipenda" na "hukumpenda" zimetenganishwa na silabi moja tu, na kila moja ni msiba wa mtu mwingine. Kwa hiyo msipige kelele, tamkeni. Simama nje ya darasa, mwenzako akae ukuta wa mbali, mwambie siri, kwa sauti ya siri, hadi aisikie. Siku ya mvua kubwa msishindane na bati. Simameni kimya kama mlivyo, ndani ya tukio, mpaka ipungue. Watu watawasubiri, wameketi mahali pakavu.

Kwa onyesho lijalo, punguzeni. Mchezo wenu wa saa nzima mkate ubaki dakika ishirini. Msikubali kupanda kati ya keki na risala. Fanyeni saa kumi na nusu jioni, mwanga wa jua bado upo, hamtahitaji taa. Msitumie jukwaa la juu lile la sherehe: chorea duara kwenye sakafu kwa chaki, watu wakae pande zote, wa mbele wakae chini kwenye mikeka. Mtu akikaa mita mbili kutoka kwenye ungo wa mchele ataona vidole. Mshereheshaji asiwepo. Mmoja wenu atoke, asalimie, aseme jina la mchezo, aketi kwenye kigoda, aanze kuchambua. Mwishoni msitoe funzo. Kama kuna aliye na la kusema, mwacheni aseme, na msimjibu kwa haraka.

Kuhusu mswada, umeniuliza kama ni lazima uandikwe. Si lazima. Lubumbashi, nchini Kongo, kulikuwa na kikundi maarufu cha Mufwankolo, ambacho kilicheza kwa Kiswahili cha kule Katanga tangu miaka ya 1950, redioni na baadaye kwenye televisheni. Hawakuwa watu wa kukariri kurasa. Walikubaliana kisa, wakagawana nafasi, wakajua nani anaingia lini na anataka nini, maneno yakatoka kinywani siku hiyo. Mtaalamu wa utamaduni Johannes Fabian aliwakuta mwaka 1986 wakitengeneza mchezo mzima kutokana na methali moja kuhusu madaraka. Njia hiyo inawafaa watu wa zamu kama nyinyi, kwa sharti kwamba mwe mmefanya lile zoezi la "Umekula?" hadi limewaingia. Kundi la watu wasiosikilizana likiacha mswada, litaongea lote kwa pamoja.

Mkitaka kucheza kazi ya mwandishi mwingine, ombeni ruhusa kwake au kwa mchapishaji kabla ya mazoezi, wala si siku ya onyesho. Mkianza kutoza kiingilio, jisajilini BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa; ofisi ya utamaduni ya manispaa watawaelekeza. Na wale wenzako wa video msigombane nao. Waache Jumamosi iwe yao, Jumatano iwe yenu. Mkikwama kwenye tukio la jirani, niandikie. Ila niandikie alichokifanya kila mmoja kwa mikono yake, usinitumie klipu.